Maziwa ya Corinne Bergum

Jumatatu, tarehe 11 Machi 2019, saa nne kasoro robo asubuhi, Corinne Bergum alitolewa damu katika zahanati moja ya kusini-magharibi mwa Wisconsin, na majibu yakaonyesha kwamba homoni yake ya prolaktini ni 58. Kwa mwanamke asiye na mimba wala mtoto anayenyonya, kikomo ni kama 25. Corinne ana miaka thelathini na minane. Alikuwa amemwachisha ziwa binti yake, Britta, miezi kumi na tisa kabla ya hapo, na maziwa yalikuwa bado yanatoka.

Maziwa yenyewe hayakumtisha. Anakamua ng'ombe arobaini na sita mara mbili kwa siku. Kilichomkosesha raha ni kalenda: kwa mwaka mzima alikuwa amepata siku zake mara nne tu, na yeye na mumewe, Wade, wanataka mtoto wa pili kabla hajafikisha arobaini.

Daktari alimweleza kwa simu. Prolaktini hutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama njegere. Huyaagiza matiti yatengeneze maziwa, na hapohapo huuzuia ubongo kuamuru yai lipevuke, ili mama asishike mimba nyingine mapema. Wakati mwingine wote ubongo huifungia breki. Ikipanda hivi hutafutwa sababu: dawa, tezi ya shingo, figo, au kivimbe kwenye tezi yenyewe. Dawa Corinne hatumii. Shingo na figo zilikuwa nzima. Picha ya kichwa ilipangwa tarehe 4 Aprili. Kabla ya hapo damu ingepimwa tena, akiwa ametulia, kwa sababu wasiwasi peke yake huweza kuipandisha.

Kutulia ndiko kulikomshinda. Wiki hiyo alisugua chumba cha maziwa mara mbili kwa siku, akahamisha ndama waliokuwa hawana shida yoyote mahali walipo, kisha akawarudisha.

"Utaimaliza sakafu, mwanangu," alisema Arlys, mama mkwe wake, aliyeingia bandani na chupa ya kahawa. "Uchafu ulishaisha jana."

"Nikikaa nafikiria kivimbe, mama."

"Kifikirie umekaa. Huyu Wade hajatulia tangu yuko tumboni, na mimi sijafa."

"Nawasikia," alisema Wade, akiwa amechuchumaa kando ya ng'ombe.

"Ndiyo maana sinong'oni."

Corinne alikuwa amesoma mahali kwamba kwa mama anayenyonyesha prolaktini hufika mpaka ndani ya ubongo na kumpunguzia hofu. "Hamsini na nane, na mimi sipati hata usingizi," alimwambia Wade. "Wamenipunja."

Alhamisi, tarehe 28 Machi, muuguzi Janelle Oium alimkalisha kwenye kiti cha kuegemea na kumwambia apumzike dakika ishirini kabla ya sindano. Corinne aliinuka kuangalia kama amefunga gari. Akaketi. Akaenda kunywa maji.

"Bi Corinne, kiti kina miiba?"

"Hapana."

"Basi kikalie. Dakika zinaanza upya." Janelle alirudi kwenye fomu yake. "Maziwa yanatoka yenyewe, au mpaka uminye?"

"Mpaka niminye."

"Unaminya mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni, nikimaliza ng'ombe. Michirizi mitatu kila upande, nione kama yamepungua."

Janelle aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Tangu nimwachishe mtoto."

Huku hakuna anayefunga mashine ya kukamulia kabla ya kuminya michirizi mitatu ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi, aone kama maziwa yana mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Arlys alimfundisha hivyo wiki ya kwanza ya ndoa, na kwa miaka kumi na miwili mikono yake imefanya kazi hiyo bila kuulizwa. Ukaguzi uleule aliuhamishia kwake mwenyewe.

Janelle naye amekulia bandani. "Ng'ombe ukitaka akauke maziwa, unamfanyaje?"

"Namwacha. Humgusi kabisa. Ukimgusa..."

"Malizia."

"Ukimgusa anadhani kuna ndama."

"Na ubongo wako unadhani kuna nani?"

Janelle alimweleza kwamba kila alipominya, mishipa ya fahamu ilipeleka habari ubongoni, ubongo ukalegeza breki, na prolaktini ikapanda. Siku hiyo ilikuwa 49. Daktari hakusema kwamba kivimbe hakipo. Alikubali kuisogeza picha wiki sita mbele, hadi damu ipimwe tena, kwa sharti kwamba Corinne asijiguse, na kwamba akiumwa kichwa au macho yakififia aje siku hiyohiyo.

Jioni aliwaeleza nyumbani. Wade alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Miaka kumi na miwili nakufundisha kukausha ng'ombe," alisema Arlys.

"Na kukagua pia ulinifundisha, mama."

"Ng'ombe, mwanangu. Ng'ombe."

Wiki ya kwanza ilimwia ngumu kuliko alivyotarajia. Ukaguzi ulikuwa ukimpa jibu kila asubuhi, hata kama ni baya. Sasa hakuwa na jibu lolote. Alianza kukamua akiwa amevaa glavu nene, akafunga vifungo vya ovaroli mpaka shingoni. Jumatatu, tarehe 8 Aprili, akioga huku akifikiria ng'ombe mmoja aliyekuwa akichechemea, aliminya. Aligundua matone yalipokuwa tayari kiganjani. Mara moja, upande mmoja.

Wade alimwambia hakuna haja ya kumwambia mtu. Corinne alipiga simu zahanati saa mbili, walipofungua tu.

"Yalikuwa mengi?" aliuliza Janelle.

"Machache kuliko zamani."

"Sikukuuliza ulinganishe. Acha kulinganisha."

Wiki sita zilianza kuhesabiwa upya siku hiyo. Damu yake itatolewa Jumatatu, tarehe 20 Mei, baada ya dakika ishirini kwenye kiti. Ikishuka chini ya 25, picha haitahitajika, na yeye na Wade watasubiri siku zake zirudi. Isiposhuka, ataingia kwenye mashine ya picha Alhamisi ya wiki hiyohiyo, na Arlys atakamua badala yake.