Siku Tosha Alipotutoka

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya hamsini, kwetu Kiembe Samaki ilikuwa mihogo na minazi tu, na nguruwe mwitu wakitufukulia mashamba. Ndiyo maana baba akafuga mbwa, tukamwita Tosha. Alilala nje, kwenye banda la kuni. Bibi, mama yake baba, hakumruhusu akanyage hata kizingiti, ila chakula chake alimwekea mwenyewe.

Asubuhi ya msako wa nguruwe wanaume walikuja na mikuki na mbwa wao. Ndani, mdogo wangu Makame alikuwa taabani kwa homa, haonji kitu, na mama habanduki kitandani pake. Mimi nilipanda juu ya mpera nipate kuona. Na niliona! Nguruwe dume alichomoka kichakani, mbwa wengine wakarudi nyuma, Tosha akamwandama peke yake, akimzunguka na kumbwekea, mpaka akamfikisha kwenye mikuki. Watu wote wakawa wanalitaja jina la mbwa wetu. Nilishuka mbio, magoti yamechunika, nikaona kama niliyeshinda ni mimi.

Tulirudi nyumbani kwa vifijo. Tosha akanywa maji, akajilaza mbele ya banda, akatikisa mkia, basi. Hakuinuka tena. Nilimwita, nikamsukasuka. Baba alimpapasa mwili mzima asione jeraha, akasema labda moyo umeshindwa na zile mbio.

Nilikuwa bado nalia pale chini mama alipotokea mlangoni, akasema Makame kakaa kitako na anataka uji. Baba aliingia ndani nusura ajikwae. Mimi sikujua nicheke au niendelee kulia, nikafanya yote mawili.

Bibi alibaki nje. Alimtazama Tosha, kisha akachutama karibu yangu.

"Mauti yalimjia nduguyo, mjukuu wangu," akaniambia. "Huyu kayapokea hapa nje."

"Alijua, bibi?"

"Hilo mie sijui. Nnajua Makame kaamka."

Akavua kanga yake ya juu, akamfunika nayo yule mbwa aliyekuwa hamgusi. Nikapangusa machozi, nikakimbia nyumba hadi nyumba kueleza kwamba Makame kapona, na kwamba aliyemponya ni Tosha.

Leo naamini baba alisema kweli. Mbwa alikimbia kupita nguvu zake, na homa ilikuwa imefika mwisho wake. Lakini baba alinieleza tu namna Tosha alivyokufa, wakati mimi nilikuwa mtoto niliyeona haya kumfurahia ndugu yangu huku mbwa wangu kalala mchangani. Bibi aliliona hilo. Sijui kama mwenyewe aliyaamini yale maneno. Ninachojua ni kwamba jioni ile niliingia chumbani kwa Makame, nikambebea uji wake, na nilipomwona anameza nilifurahi kwa moyo wangu wote.