Sikukabidhiwa Miguu

Mtaani kwetu ni wachache waliolijua jina la mama yangu. Walimwita Mama Pasi, kwa sababu alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na kutwa nzima alikuwa akipiga pasi mashuka. Wengine walisema jina hilo lilimfaa hata akiwa nje ya kazi, maana hakuweza kuona mkunjo akaupita. Akikuta mtu na mkewe wanarushiana maneno uani, atasimama hapo hapo na kapu lake mkononi mpaka waone haya wenyewe. Hakuwa mwanamke wa kelele. Alisimama tu.

Baba alikuwa fundi wa kuezeka, na mapaa mengi ya mtaa ule ni kazi ya mikono yake. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule, na kaka yangu ameshaota ndevu mbili tatu, siku baba alipoteleza juu ya paa la ghala lililolowa umande, akaanguka chali.

Mama alikuwa zamu. Alikuwa akisukuma toroli la mashuka safi kuelekea wodini, akapishana na machela. Uso wa aliyelala juu yake ulikuwa umejaa vumbi na damu, hakuutambua. Alitambua viatu. Cha kulia alikuwa amekishona yeye mwenyewe kwa uzi wa nailoni, jana yake. Akaliacha toroli katikati ya njia, akaishika ile machela, wakaisukuma pamoja na wauguzi.

Baba hakufa. Lakini daktari alisema bila kuzungusha kwamba kuanzia kiunoni kwenda chini, asitegemee kitu.

Siku chache baada ya kurudi nyumbani alikuja shangazi, dada mkubwa wa baba. Alimkuta mama jikoni akimenya viazi.

"Wifi," alianza, "nimekuja kumchukua mdogo wangu nikamtunze mwenyewe. Wewe bado mbichi, una watoto na kazi. Hakuna atakayekulaumu."

Mama hakukiweka kisu chini. "Nashukuru, wifi. Najua umesema kwa mapenzi. Lakini mimi nilipoolewa nilikabidhiwa mtu. Sikukabidhiwa miguu."

"Leo unasema hivyo. Kuuguza si lelemama."

"Ikinishinda nitakuita. Sasa nishikie hiyo sufuria."

Shangazi akaishika sufuria. Alikaa kwetu wiki nzima akifua na kupika, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumsema mama vibaya mbele yake.

Tatizo lilikuwa baba mwenyewe. Alilazwa chumba cha nyuma, akageukia ukuta, akaacha kusema. Ukimsalimia anaitikia kwa koo. Wageni wakija anajifanya amelala. Mama alivumilia kwa muda, halafu siku moja ya mapumziko akawaita mafundi wenzake baba. Wakaliburuta kochi la sebuleni hadi chumbani, kitanda wakakileta sebuleni. Kisha wakabomoa ukuta chini ya dirisha la mbele na kulishusha dirisha lenyewe, hata mtu aliyelala akawa anaona barabara yote, kuanzia kwenye bomba la maji mpaka kona ya kinyozi.

"Unanianika kama nguo," baba alisema. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza marefu tangu aanguke.

"Nguo ikifichwa ndani inavunda," mama akajibu.

Kesho yake akamwekea ungo wa maharage kifuani ayachambue. Baba akaukazia macho.

"Umenifanya mwanamke?"

"Nimekufanya mtu mwenye mikono. Ukimaliza nambie, maji yanachemka."

Akachambua. Aliyachambua vibaya kwa makusudi, tukala maharage yenye vijiwe, na mama akatafuna kimya mpaka baba mwenyewe akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Taratibu lile dirisha likawa la mtaa mzima. Wanawake waliokwenda sokoni walimwachia baba funguo, na wengine watoto. Jirani yetu wa ubavuni, Mama Mapacha, alikuwa akiwaweka wanawe kwenye mkeka chini ya dirisha, baba anawasimulia hadithi. Nasi watoto, tukitaka ruhusa ya jambo lolote, mama alitujibu neno lile lile: "Mwenye nyumba yuko sebuleni, kamuulize."

Asije mtu akadhani alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali asubuhi kabla ya chai, na mvivu hakumpenda hata kwa dawa. Lakini msiba ukitokea, au mtu akiugua, Mama Pasi hakuuliza "niwasaidie nini?" Aliingia, akasalimia, akavikuta vyombo vichafu, akaviosha. Mama Mapacha alipojifungua hao mapacha na kulala kitandani muda mrefu, mama alikuwa akitoka kazini anapitia kwake, anafua nepi zote, anaanika, ndipo anakuja kwetu kumgeuza baba. Hakukosa kumgeuza hata siku moja. Miaka yote ile baba hakupata kidonda mgongoni, na wauguzi wa hospitali ya mama walikuwa wakija kumtazama na kutikisa vichwa kwa mshangao.

Mimi nikakua, nikaolewa mtaa wa tatu. Kaka akaoa, akahamia karibu na kazi yake. Mama akastaafu, mvi zikamjaa. Tulikuwa tukisema chinichini, kaka na mimi, kwamba baba akiondoka mama atapumzika. Hivyo ndivyo tulivyopanga sisi.

Baba ndiye aliyegundua. Mtu anayelala siku zote husikiliza.

"Siku hizi unasimama mlangoni kabla ya kuingia," alimwambia mbele yangu. "Unavuta pumzi. Unadhani sisikii?"

"Uzee unabisha hodi, baba watoto. Wacha nao uingie."

"Mimi nimekutii miaka yote. Umenihamisha chumba, umenibomolea ukuta, nimenyamaza. Leo nitii mimi. Nenda ukapimwe."

Akaenda, nikamsindikiza. Moyo ulikuwa umepanuka, umechoka. Daktari alitoa dawa, akasema apumzike, lakini aliyasema akiniangalia mimi, si yeye. Njiani mama hakuuliza amebakiza muda gani. Aliuliza, "Baba yenu atageuzwa na nani?"

Jumapili ile alituita wote, na Mama Mapacha pia. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akatufundisha: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, usivute, sukuma. Sisi wanawake tulijaribu. Ilipofika zamu ya kumwogesha, alitutoa nje sote akabaki na kaka. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia maji yakitiririka kwenye beseni.

"Mama, siwezi," kaka alisema. "Ni baba yangu."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Ulipokuwa mdogo alikuogesha bila kuona haya. Anza na uso."

Baba akasema, "Anza, mwanangu. Maji yanapoa."

Kaka alianza. Aliogesha na kulia kwa wakati mmoja, na mama akawa anamwelekeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Mama alifariki mwezi uliofuata, asubuhi, amekaa kwenye kiti kile kile, mkono wake ndani ya mkono wa baba. Baba hakuita mtu upesi. Alituambia baadaye kwamba alitaka kukaa naye kidogo kabla hajawa wa watu wote. Kisha akamwona Mama Mapacha akipita, akamwita kupitia dirishani.

"Jirani, ingia ndani. Mwenzangu ametangulia."

Mazishini mafundi wa zamani, wazee sasa, walimbeba baba kwenye kiti mpaka ukingoni mwa kaburi. Aliombwa aseme neno.

"Alinigeuza," akasema. "Basi."

Kisha akaomba udongo, akautupa kaburini.

Kaka na mkewe walirudi nyumbani kuishi na baba. Mimi huja jioni, Mama Mapacha huja mchana, na wanawe, ambao sasa ni vijana wenye nguvu, hutupokea siku tukizidiwa. Mgongo wa baba bado mzima. Siku za mwanzo hakumtaja mama kabisa. Halafu jioni moja, kaka akimkausha miguu kwa taulo, akaanza kusimulia jambo tusilolijua: kwamba paa la nyumba hii walilipiga wao wawili, mama akiwa na mimba ya kaka, amepanda juu kumshikia mabati, na majirani chini wanapiga mayowe ateremke.

"Hakuogopa?" kaka akauliza.

"Aliogopa sana. Alikuwa anatetemeka mpaka bati linalia." Baba akatabasamu, akafuta jicho kwa kiganja. "Nikamwambia shuka. Akaniambia nipige msumari."

Kisha akaomba chai, na kaka akaenda kuweka maji.