Jina Langu Upande wa Wapagazi

Cheka ukipenda. Mimi ni mtu wa chumvi, Tabora nzima inanijua. Ni mimi niliyesema darasa letu la masomo ya jioni lilikuwa na mbu wengi kuliko wanafunzi, na mbu wanne wakafaulu. Lakini hili sikulitia hata punje. Lilinipata mchana kweupe, saa saba, na bega langu la kulia ndilo shahidi.

Kwenye njia ya zamani ya misafara, upande wa Kwihara, tuna mnara wa vita ile ya Wajerumani na Waingereza. Nguzo ya mawe yenye pande nne, juu ya ngazi tatu, na kichwani bunduki ya jiwe iliyoinamishwa mdomo chini. Mashariki wameandikwa maofisa, kwa herufi nene. Kaskazini na kusini ni askari, kwa herufi nyembamba. Magharibi kuna mstari mmoja tu: NA WAPAGAZI WAO. Chini yake patupu, urefu wa mtu mzima. Wazee husema aliyeuchora mnara aliacha nafasi ya majina, akaomba orodha, ikaonekana hakuna aliyewahi kuiandika. Nafasi ikabaki inangoja.

Plasta ilipobanduka, kamati ya mtaa ilitupa kazi mimi na Shija, fundi mwenzangu kutoka Igunga. Mimi walinitaka kwa mwandiko. Herufi zangu, niamini, mtu wa Nzega angezisoma akiwa kwao. Upande wa magharibi tuliumaliza mwisho. Sasa, unajua mafundi tulivyo. Saruji ikiwa mbichi mkono unawasha. Kila karo na kila kisima nilichojenga kina jina langu pembeni. Nikaokota msumari, nikaliandika chini ya ule mstari.

"We msomi wa usiku," Shija akaniuliza, "umekufa vita gani?"

"Vita ya hesabu, kidato cha pili."

Alicheka mpaka mwiko ukamdondoka, akaenda kununua mihogo. Nikabaki peke yangu.

Ndipo akaja mtu kutoka magharibi. Kijana, miguu peku, begani sanduku la mbao lililofungwa kamba za magome.

"Mwangaluka," akasema. Salamu ya asubuhi, saa saba mchana! Nami, mtu wa miaka hamsini, nikasikia mdomo wangu ukimjibu, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia, wala hakushangaa. "Nitue, mwanangu."

Kwetu mtu akikwambia nitue, huulizi amebeba nini. Unatia mikono. Nikatia. Sanduku lilikuwa baridi kama limetoka kisimani.

"Mbona hukutua njiani?" nikamuuliza.

"Tuliambiwa asitue mtu mpaka yaitwe majina. Hawajaita."

Nikamwambia saruji bado mbichi, anitajie jina nimwandike. Aliutazama ukuta, akapitisha kidole chini ya jina langu, herufi kwa herufi.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Basi wameshaita," akasema.

Akainama kidogo, na sanduku likahamia begani kwangu, taratibu, kama mtu anavyomfunika mwenzake shuka. Niliogopa? Hapana, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Sikusikia uzito. Sikusikia chochote. Yeye alijinyoosha, mifupa ikalia, akacheka kama mtoto. Nikapepesa macho. Njia ilikuwa nyeupe tupu, na kuku mmoja anavuka.

Shija aliporudi alisema, "Mbona umesimama upande upande?" Begani hakuona kitu. Hata mimi sikuona.

Mvua zimenyesha misimu miwili tangu siku hiyo. Hospitali walichoma sindano begani; nikawaangalia tu, kana kwamba wanashona gunia. Pameota sugu nene, mimi ambaye hata debe la maji hulipakia kwenye baiskeli. Mkono haujui tena kama umeshika mwiko au umeshika hewa, kwa hiyo plasta anapiga Shija, mimi namkorogea. Usiku Mama Rehema, mke wangu, huegemea bega lile, na nisipogeuza kichwa sijui kama yupo.

Mara tatu nimekwenda na tindo kulibandua jina. "Gonga basi!" Shija ananifokea. Sigongi. Nikilitoa, sanduku litarudi begani kwa nani? Nakumbuka ile mifupa ilivyolia. Nashusha tindo, narudi nyumbani.

Jina lenyewe sikutajii. Pale lilipoandikwa panatosha. Ukipita njia ile, simama magharibi, usome ule mstari, na mikono yako uiweke mfukoni. Usiandike kitu mahali walipowekewa wengine. Na ukinikuta pale nimesimama upande upande, nikakuomba unitue, nisamehe sana. Usitie mikono.