Kadi ya Sindano kwenye Tamasha la Kinanda

Jumapili nilisimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa Makongeni nikikagua kadi za sindano ya kipindupindu. Mwenye digrii asiye na kazi hupewa vyeo vya namna hiyo. Wiki iliyotangulia kadi ilidaiwa kwa waliotoka Kisumu tu. Ijumaa ukaja waraka mpya, kila mtu awe nayo.

Mzee mmoja mstaafu wa reli, na mkewe, wakanionyesha kadi zilizopitwa na muda juzi.

"Sorry, mzee, hizi ni expired. Regulations."

"Tumekuja kusikia kinanda tu, kijana."

Nikatikisa kichwa. Wakasimama kando ya ukuta.

Ndani, mpigaji akabonyeza kinanda. Kimya. Kinanda chetu kinataka watu wawili: mmoja abonyeze, mwingine nyuma avute mpini wa kujaza upepo. Wa nyuma ni mimi.

Nikageuka niingie mbio. Nesi wa jiji, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na sanduku lake la sindano, akanizuia kwa kiganja kifuani.

"Na yako?"

Sikuwa nayo. Naogopa sindano tangu shule ya msingi.

"Tudunge sote hapa, sista," mzee akasema. "Watu wanangoja."

Nesi akafungua sanduku. Sindano ilipoingia, mzee hakutikisika. Mimi nilishikwa mkono na mkewe. "Tazama kule, baba. Inaisha sasa hivi."

Kila wiki nalalamika katika safu hii kwamba nchi hii haina pa kuwaweka wasomi wake. Naomba radhi. Pangu ni nyuma ya kinanda, navuta upepo kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiuma kwa sindano, na ukumbi mzima unampigia makofi mwenzangu.