Gunia la Bosi

Gunia alilolalia Bosi lilinuka maziwa yaliyochacha, moshi wa jikoni na vumbi la omena, kwa sababu kabla ya kuwa kitanda chake lilikuwa limesafiri kutoka Muhuru Bay na samaki hao wadogo ndani. Bosi alikuwa mbwa jike wa shangazi yangu Konsolata. Shangazi tulimwita Waya, kama Wajaluo wanavyowaita dada za baba zao. Nilikaa kwake karibu na soko la mifugo la Ogwedhi likizo moja ndefu ya miaka ya tisini, na kazi yangu ya kila jioni ilikuwa kuhesabu watoto wa Bosi. Walikuwa watano. Nilihesabu mara mbili, maana daima mmoja alikuwa amelala chini ya wenzake, na mimi tangu utotoni sijawahi kuamini hesabu ya kwanza, hata ikiwa yangu.

Mbwa wengi wa pale walizaliwa bila mtu kupanga, na walikufa vivyo hivyo. Waya alipanga. Bosi alipoingia joto alifungiwa kwenye banda la kuku, na kuku wakahamia jikoni, jambo ambalo hawakulalamikia. Madume yote ya jirani yalikuwa ama ndugu zake ama yanauma watu, kwa hiyo Waya alimfunga kamba akampeleka hadi Asumbi, kwa dume lililosifiwa kwa utulivu. Jirani alimcheka: "Konsolata, unampeleka mbwa kuolewa Asumbi?" Waya hakusimama. "Wako alijipeleka mwenyewe. Si umeona alicholeta?" Kilicholetwa kilikuwa kimemuuma jirani mwenyewe mguuni. Watoto wakishazaliwa, Bosi alipumzishwa mwaka mzima, na hakuna mnunuzi aliyebeba mtoto kabla hajajifunza kula bila mama yake.

Kiswahili cha Waya kilikuwa na maneno matatu, bei, hapana na asante, na aliyatumia kwa mpangilio huo. Wateja kutoka upande wa Wakuria na Wamasai walipokuja, mkalimani nilikuwa mimi. Ndivyo nilivyomjua Mwita, mfugaji wa Kikuria ambaye fisi walikuwa wamemlia ndama wawili, akabaki na mmoja. Alimtaka mtoto mweusi, jike, yule aliyebwekea hata kivuli chake. Akataja bei. Mimi nilikuwa tayari nimevuta pumzi ya kuipandisha, lakini Waya hakuisikia kabisa.

"Muulize mbwa wake wa kwanza alienda wapi."

"Alipotea," Mwita akasema.

"Mwambie mbwa hapotei. Mbwa anahama."

Nilimwambia hivyo hivyo, ingawa nilijua si namna ya kumshika mteja. Mwita akacheka. "Huyu mama anauza mbwa ama anaozesha binti?" Waya akauliza ni nani anayepakua chakula nyumbani kwake. Mke wangu, akajibu. Basi aje huyo mke. Bila yeye, hakuna mbwa.

Siku ya soko iliyofuata alikuja naye. Mama Gati alikuwa msafi kiasi kwamba nilitazama miguu yangu nikaificha. Alisema wazi kuwa hapendi mbwa, ila fisi anawachukia zaidi. Waya alimfanya amlishe yule mweusi uji wa omena kwa mkono wake mwenyewe, akamtazama muda mrefu, kisha akakubali. Bei nilimaliza mimi, na nikaipandisha kidogo kwa mazoea. Mwishoni Waya alikata kipande cha gunia la Bosi. "Alale juu ya hiki. Atasikia mama yake yuko." Nikatafsiri, wakaondoka.

Soko lililofuata walirudi na mtoto ndani ya kikapu, mbavu zikihesabika. Hali chakula, hanyamazi, na mara mbili walimkuta barabarani akielekea kwetu. "Huyu ni mgonjwa," Mwita akasema, "mchukue, unirudishie pesa." Sheria ya Waya niliijua: mtoto akirudishwa, nyumba ile haipewi mwingine, na yule ndama mmoja alikuwa bado anawasubiri fisi. Waya alimpapasa mtoto tumbo, akamfungua mdomo, akamnusa. Kisha akauliza gunia liko wapi.

Mama Gati akalitoa chini ya kikapu. Lilikuwa limekunjwa mara nne, linanukia sabuni. "Nimelifua mara mbili," alisema, na nilisikia fahari. "Kitu cha watu huwezi kukaa nacho kichafu."

Waya alinitazama kana kwamba nimelifua mimi. "Mwambie hapo amemfua mama wa mtoto."

"Sikuambiwa," Mama Gati akasema taratibu. Ilikuwa kweli. Nani angefikiri kusema? Waya akakata kipande kingine, lakini hakumpa. Alinyoosha kidole kwenye leso aliyojifunga Mama Gati, nyekundu, mpya, ya soko na ya kanisa. Ilazwe chini ya Bosi pamoja na kipande hiki mpaka soko liishe. Harufu ya gunia itakwisha siku moja, alisema, na mtoto anapaswa kujua ni ya nani inayobaki.

Mama Gati akamtazama mumewe, naye akatazama ng'ombe wa watu. Nilisubiri apatane, kama kwenye bei. Mimi ningeanza kwa kutoa kitambaa cha kufunikia kikapu. Lakini aliifungua leso, akaikung'uta, akaitandika mwenyewe chini ya Bosi, na hata akanyoosha mikunjo. "Mwambie shangazi yako, wakiniuliza kanisani ninanuka nini, nitamtaja kwa jina." Waya akacheka kabla sijatafsiri.

Juma lililofuata Mwita alikuja kuuza mbuzi, bila kikapu. "Mbwa?" nikauliza. "Analala mlangoni kwa ndama. Leso imekuwa yake, mke wangu amekubali." Na ndama? "Yuko."

Siku hizi nafanya biashara mjini Migori, na watoto wa mbwa huuzwa kwa picha za simu. Wana kadi ya chanjo, jambo zuri, maana Waya aliisubiri chanjo hiyo miezi mingi. Hivi karibuni nilikwenda na binti yangu, anayeishi Homa Bay, kuwatafutia wanawe mbwa. Nilimpunguza muuzaji mpaka akaacha kuniita mama. Kisha nikauliza mama wa yule mtoto wa mbwa hulalia nini.

"Gunia tu. Chafu sana."

"Kata kipande."

"Nikufulie kwanza?"

"Thubutu."

Nikageuka kwa binti yangu. Alikuwa tayari anafungua kitambaa chake cha shingoni, kile kizuri, huku amenuna. Habari hii amenisikia nikiisimulia zaidi ya mara mbili.