Nilivyomtukana Mzee Edmund Kaburini

Mzee Edmund alikufa Jumanne kwa kichomi, hapa hapa Soweto, Mbeya. Alhamisi tukampeleka kwao Igowole, na njia nzima nilikaa pembeni ya jeneza nikiwaza kazi moja aliyoniachia: kumtukana.

Mimi ni Msukuma wa Usangu, mtoto wa wafugaji. Nilikuja mjini kusoma diploma ya ugavi, mimi na diploma tukaachana katikati bila talaka. Yeye alikuwa Mhehe wa Mufindi, fundi wa kunoa misumeno, chumba chake na changu ukuta mmoja. Siku nahamia alinitazama juu mpaka chini, tupa mkononi.

"Wewe Msukuma, ng'ombe umewafunga wapi?"

"Nimewaacha mbali, Mzee. Nimesikia hapa kuna Mhehe. Hata mbwa nimemwacha nyumbani, usije ukamla."

Akacheka mpaka tupa ikamdondoka. Akasema makabila yetu ni watani tangu vita vya mababu. Kama ni kweli au alitunga palepale, sikuwahi kuuliza. Miaka sita tuliishi hivyo, matusi asubuhi, viazi vya kuchemsha jioni. Mama alipopiga simu kuuliza mahafali yangu ni lini, mimi nikashikwa na kigugumizi, Mzee akaichukua simu. "Mama Limbu, mtoto yupo, anakula, mzima. Mengine atakwambia mwenyewe." Akanirudishia, akatoka nje, akafunga mlango. Ndiyo siku niliyomwambia Mama ukweli, kwamba chuo niliacha.

Mwaka juzi alikwenda kumzika kaka yake, Gideon. Aliporudi, siku mbili hakuwasha jiko.

"Hakukuwa na mtani hata mmoja," aliniambia. "Mchungaji, wimbo, udongo. Kama wanafukia viazi. Mimi usiniache nizikwe hivyo, Limbu. Uingie kaburini unitukane, nijue nimezikwa na watu."

Nikamwambia nitamtukana mpaka ajute kufa.

Igowole tulikuta ukungu na manyunyu. Binti yake, Eveline, anayefanya kazi Dodoma, alinivuta kando.

"Kaka Limbu, nakujua mdomo wako. Leo naomba utulie. Wenzangu wa ofisini wapo, na wanarekodi."

"Mzee aliniomba mwenyewe, dada."

"Alikuwa anakutania tu."

"Mengine yote, ndiyo. Hilo hapana."

Akarudi kwa wenzake. Ratiba nayo ilikuwa imechapwa: neno, shukrani, maziko. Mtani hakuwemo.

Vijana walipokamata kamba washushe jeneza, nikaruka shimoni, nikajilaza chali kwenye tope na suruali ya kuazima. Mchungaji akafunga kitabu.

"Shimo hili nimelichukua," nikasema. "Nafugia ng'ombe. Huyu Mhehe mrudisheni Mbeya. Tangu Jumanne mbwa wa Soweto wanalala milango wazi, wananenepa, wanafanya sherehe."

Nyuma mtu akacheka, akageuza kicheko kikohozi.

"Na wewe Mzee, umekufa kwa kununa. Nani amekuudhi? Mhehe akiguswa kidogo tu anahama, sasa umehamia mpaka huku."

Kwa mazoea tu, nilikuwa nangoja anijibu. Miaka sita mimi natupa tusi moja, yeye ananirudishia mawili, tena ya nguoni. Tulimwosha mimi na Asukile mwenye nyumba, nilimvalisha koti, nilibeba jeneza lake, na bado nilikuwa sijaelewa. Pale chini, baridi ikinipenya mgongoni, nikangoja jibu lake na halikuja. Nikatafuta tusi lingine. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu.

Ndipo Apolonia, dada yake mkubwa, akasogea ukingoni na fimbo yake.

"Msukuma, toka humo. Mdogo wangu hawezi kulala kwenye harufu ya maziwa mgando."

Watu wakacheka, safari hii bila kujificha. Eveline aliuficha uso kwenye khanga, mabega yakimtikisika. Kulia au kucheka, sijui. Kwa desturi mtani hatoki bure, basi nikasema sitoki bila kuku.

"Kuku utapewa," Apolonia akasema, taratibu sasa. "Njoo juu, mwanangu. Baridi hii itakuua, na wewe ukifa, atakutukana nani?"

Nikanyoosha mkono, vijana wakanivuta juu, wakamshusha Mzee Edmund.