Daktari wa Sebuleni

Fundi cherehani huyu hakuwahi kukanyaga chuo cha uuguzi, lakini mtaa mzima ulimwita Daktari. Udaktari wake aliupata sebuleni, akishona pindo za sketi huku macho yakiwa kwenye tamthilia za hospitali. Moyo wa mtu ukienda mbio, yeye husema "takikadia". Damu ikivuja, "hemoraji". Wateja walimcheka, kisha haohao wakamtolea ndimi zao azikague, naye akazichungulia, pini zikiwa mdomoni mwake. Tuseme ukweli, kichwa kilimvimba.

Jioni moja, kwenye tamthilia, mgonjwa aliyekuwa akinywa vidonge vya presha alianguka, figo zote mbili zimekufa. Fundi akaacha sketi ya watu kwenye cherehani, akaingia chumbani kwa mama yake na kuvikusanya vidonge vyake vya presha.

"Hivi vinaua figo, mama. Usivinywe tena."

Mama akaitikia. Angebishanaje na Daktari?

Haukupita muda mama akaanza kuona kizunguzungu, mpaka akaanguka jikoni. Wakaenda zahanati, wakaketi mbele ya daktari wa kweli. Mlango ulikuwa wazi, na foleni pale nje ilikuwa ya majirani watupu.

"Presha imepanda mno," daktari akasema. "Mama, dawa unakunywa?"

Mama alimtupia binti yake jicho. "Kila siku, mwanangu. Sikosi."

Fundi akaelewa: mama anamsitiri. Naye alishukuru! Alishusha pumzi na kushukuru, na hilo ndilo linalomchoma hadi leo kuliko mengine yote.

"Basi hizo hazikutoshi," daktari akasema, akichukua kalamu. "Nakuandikia kali zaidi, unywe pamoja na hizo."

Yale maneno makubwa ya fundi yote yakamkimbia; alichokiona ni dozi hiyo ikimwangusha mama tena.

"Hajanywa," akasema.

"Unasemaje, dada? Sikusikii."

"Hajanywa hata kimoja! Nilimkataza mimi."

Nje, majirani wakanyoosha shingo. Daktari akaweka kalamu chini.

"Wewe ni muuguzi?"

"Hapana. Nashona nguo."

"Sasa nani alikwambia umkataze?"

Fundi alitamani ardhi immeze. "Niliona kwenye televisheni."

"Usimgombeze, daktari," mama akadakia, ameinamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake. "Mimi ndiye niliyemwamini."